Kumpeleka Mzee Emlyn Kwao

Kiingereza ndicho kilichotangulia kumtoka mzee Emlyn. Alikuwa amekizungumza karibu maisha yake yote; kwa Kiingereza amefundisha hesabu za kujengea madaraja katika chuo kikuu kule Amherst, kando ya mji wa Buffalo, Marekani, kwa Kiingereza ameoa, kwa Kiingereza amemzika mkewe. Maradhi ya kusahau yalipomwingia hayakujali hayo yote. Yalianza na maneno aliyoyapata ukubwani, yakaja kwa yale ya ujanani, na chini kabisa pakabaki Kiwelisi, lugha ya mama yake, ambayo katika nyumba ile hakuna mtu aliyeielewa.

Karekezi ndiye aliyekuwa akimtunza. Kila asubuhi alitoka Riverside, alikoishi na mkewe Gaju na binti yao Isaro katika nyumba ya mbao karibu na mto, akaendesha gari hadi Amherst kumwamsha mzee, kumwogesha, kumpikia uji wa shayiri na kumtembeza. Kabla ya hapo alifanya kazi ghalani, akibeba maboksi mpaka mgongo ukamkatalia. Na kabla ya ghala, kabla ya kambi ya wakimbizi na yote yaliyotangulia kambi, alikuwa mchunga ng'ombe kwenye milima ya Itombwe, Kongo, katika kijiji kilichoitwa Nyarubira.

Zamani, mzee alipokuwa bado na maneno, walikuwa wakizungumza sana juu ya milima. Mzee alimwambia kwamba yeye naye alikulia mlimani, katika kijiji cha Cwm Bedwen huko Welisi, magharibi mwa Uingereza, na kwamba baba yake alifuga kondoo na kuvunja mawe katika machimbo.

"Kwenu kuna ukungu?" alimuuliza siku moja.

"Asubuhi huwezi kuona ng'ombe aliye mbele yako," Karekezi alijibu. "Unamsikia tu akikata majani."

Mzee alicheka kwa furaha, kama mtu aliyekutana na jirani yake ugenini. Tangu siku hiyo akawa anamwita Kare, na Karekezi akawa anamwita Papa Emlyn.

Sasa mazungumzo hayo yalikuwa yamekwisha. Mzee alikaa dirishani akisema neno moja tu, "adra, adra," akilirudia kwa upole, kisha kwa ukali, kisha kwa kulia. Binti yake, Carys, mwanamke wa makamo aliyekuwa wakili mjini Buffalo, alilitafuta neno lile akakuta maana yake ni nyumbani. Si nyumba yenyewe, bali kuelekea nyumbani.

"Anataka kurudi kwao," Carys alimwambia Karekezi jikoni. "Nataka kumpeleka kabla hajafa. Siwezi peke yangu. Utakuja nasi?"

Karekezi alikuwa amepata uraia, na pasipoti yake ya bluu ilikuwa bado haijawahi kufunguliwa na mtu yeyote uwanja wa ndege. Alikubali papo hapo. Moyoni mwake aliona hilo ndilo jambo la maana kuliko yote aliyowahi kuombwa kufanya katika nchi ile.

Jumapili, baada ya ibada, alimpigia simu mama yake Leya, aliyeishi mji wa Louisville kwa mwanawe mwingine, Ndahiro. Alimweleza habari ya safari. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Bon, ni vizuri," akasema. "Unampeleka Mzungu kwao. Na mimi utanipeleka siku gani?"

Kila mara aliuliza hivyo. Kila mara Karekezi alijibu, "Tutaenda, Mama, tunajitayarisha." Leya hakujua kwamba Nyarubira ilikuwa imechomwa. Habari zilikuja kwa simu miaka michache nyuma, pamoja na video fupi ya moshi na watu wanaokimbia, ng'ombe wamepigwa risasi wamelala bondeni. Wale jamaa waliobaki walitawanyika, wengine Burundi, wengine wasijulikane waliko. Ndahiro alisema mama ana presha, asiambiwe. Na Karekezi akaafiki. Kwa hiyo Leya aliendelea kuishi Louisville akiamini kwamba nyumba yake ipo, ila imefungwa.

*

Walishuka Manchester, wakakodi gari, Carys akaendesha kuelekea magharibi. Mzee alikaa nyuma na Karekezi, amefungwa mkanda, amelala. Ardhi ilikuwa tambarare kwa muda mrefu, kisha milima ikaanza kujitokeza, kwanza kama wingu, halafu ikasogea mpaka ikaijaza njia pande zote mbili. Karekezi alijikuta ameshika kiti cha mbele kwa mikono miwili.

"Samahani, Carys," akasema. "Unaweza kusimama?"

Carys alidhani mzee ana haja. Karekezi alishuka peke yake, akaruka mfereji, akapiga magoti, akang'oa majani kiganjani akayanusa. Ubaridi ule ulikuwa ni ule ule. Ukungu uliteremka vilevile, ukikata vilele na kuacha mabega ya milima. Vijito vilishuka vyeupe kwenye miamba, na majani yalikuwa mafupi, manene, majani ambayo ng'ombe wa kwao wangeyala bila kuinua kichwa. Juu yake walitawanyika kondoo weupe, mmoja hapa na mwingine pale.

"Mchungaji wao yuko wapi?" aliuliza aliporudi garini.

"Hawana," Carys alisema. "Wanaachwa tu. Mwenye nao huja na pikipiki siku za kuwakusanya."

Karekezi alitazama nyuma mpaka kona ikawaficha. Mlima mzima, na hakuna mtu.

Cwm Bedwen kilikuwa kijiji cha mtaa mmoja. Nyumba za mawe, paa za mawe meusi, daraja dogo, mto unaosikika kila mahali. Palikuwa kimya, na palikuwa pazuri. Hilo hakuna ambaye angelikataa. Maua yaliningʼinizwa milangoni. Bango lililoandikwa kwa lugha mbili liliwaonyesha wageni njia za kupanda mlima, za baiskeli, ya kwenda ziwani kwenye mitumbwi ya kukodi, na ya nyumba ya kumbukumbu ambako mtu angeweza kuona jinsi watu wa zamani walivyosuka sufu na kuchonga mawe. Magari yalipita yamebeba baiskeli mgongoni, na watu waliotembea barabarani walivaa makoti ya rangi kali na viatu vizito vya kupandia.

Karekezi aliona kitu kimoja mapema. Karibu kila mlango ulikuwa na kisanduku kidogo cheusi chenye vitufe vya namba. Alimuuliza Carys ni cha nini.

"Funguo," alisema Carys. "Ni nyumba za kukodisha wageni. Unatumiwa namba, unafungua, unachukua ufunguo."

"Na wenyewe?"

"Wenyewe wako mijini."

Carys alikuwa amepanga jambo ambalo alilificha kama zawadi. Nyumba waliyofikia, nje kidogo ya kijiji, juu ya kilima, ilikuwa nyumba aliyozaliwa baba yake. Iliuzwa zamani, ikauzwa tena, na sasa ilikuwa ya kukodisha kama zile nyingine. Alikuwa ameikodi kwa juma zima.

Alibonyeza namba, kisanduku kikafunguka, wakamwingiza mzee. Ndani palikuwa peupe na pasafi. Kwenye ukuta wa sebule vilipigiliwa misumari mkasi mkubwa wa kukatia sufu, koleo, na fimbo ya mchungaji yenye kichwa kilichopinda, kwa ajili ya kupendeza macho. Juu ya meza palikuwa na karatasi ya kuwaeleza wageni jinsi ya kuwasha jiko.

"Baba," Carys alisema, akimshika mikono yote miwili. "Tumefika. Hapa ni kwenu."

Mzee Emlyn alitazama dari. Alitazama mkasi ukutani. Kisha akasimama katikati ya chumba na koti lake mwilini, kofia mkononi, akatulia. Carys alimvutia kiti, hakukaa. Karekezi akajaribu kumvua koti, akalikamata. Alisimama hivyo muda mrefu, kwa adabu, akiuangalia mlango wa ndani, na Karekezi akaelewa kabla ya Carys kuelewa. Mzee alikuwa akisubiri mwenye nyumba aje amkaribishe.

*

Siku zilizofuata walimtembeza. Walimpeleka machimboni, ambako baba yake alivunja mawe mpaka vumbi likamla mapafu. Shimo lile la kutisha sasa lilikuwa limefungwa kamba ndefu za chuma kutoka ukingo hadi ukingo, na watu waliovaa kofia ngumu waliteleza juu yake wamelala kifudifudi, wakipiga kelele za furaha. Msichana mchangamfu aliwafuata akawaambia hata wazee huruhusiwa, akampa mzee karatasi yenye picha. Mzee aliishika juu chini.

"Babu yangu alifia hapa," Carys alisema, akitazama kamba. "Si hapa hasa. Kitandani. Lakini ni hapa."

Karekezi alisukuma kiti cha magurudumu wakarudi garini.

Jumapili Karekezi alivaa suti. Mzee Emlyn alikuwa amemsimulia zamani habari za kanisa la kijijini, jinsi lilivyojaa mpaka watu wakasimama nje kwenye mvua wakiimba kwa sauti nne, na Karekezi, ambaye aliimba besi katika kwaya yao pale Riverside, alikuwa amelisubiri kanisa hilo kuliko kitu kingine chochote. Walilikuta limesimama imara, mwaka wa kujengwa kwake umechongwa juu ya mlango. Mlangoni kulikuwa na jozi nyingi za viatu vya matope.

Ndani pamegeuzwa malazi ya wapanda milima. Madawati yaliondolewa, na mahali pake vimepangwa vitanda, kimoja juu ya kingine, kila kimoja na taa yake. Mimbari ilibaki, maana ilikuwa ya mti mzuri, na ngazi zake zilianikwa soksi na taulo. Kijana mwenye ndevu aliwapokea kwa heshima, akawaambia wanaweza kuangalia watakavyo, akauliza kama wangependa chai.

Mzee Emlyn alivua kofia. Kwa mara ya kwanza tangu wafike alijua anakokwenda. Aliinuka kutoka kwenye kiti chake, akamshika Karekezi mkono, akatembea polepole upande wa kushoto, akahesabu kwa kidole, akafika palipokuwa dawati la kwao. Palikuwa na kitanda. Msichana mmoja alikuwa ameketi juu yake akikunja nguo. Mzee alimwinamia kidogo, akaketi pembeni yake, akaweka kofia magotini, akainamisha kichwa.

Yule msichana aliwatazama, akasogea kumpa nafasi, akaacha kukunja. Walikaa hivyo wote. Karekezi alisimama na suti yake, akisubiri kitu ambacho hakuwa na jina lake, na hakuna kilichokuja ila sauti ya birika jikoni. Baadaye mzee aliinua kichwa, akaangalia mimbari, akaangalia soksi, akarudisha kofia kichwani.

"Twende," Carys alisema.

Kesho yake alikuja Bi Nesta. Kijana wa kule kanisani ndiye aliyewaeleza habari zake: mwanamke mzee aliyekaa mwisho wa mtaa, mmoja wa wachache waliozaliwa pale na kubaki, na ambaye Kiwelisi kilikuwa lugha yake ya kila siku. Alifika na mkongojo wake na keki iliyofungwa kitambaani. Aliketi mbele ya mzee Emlyn akamsalimu kwa lugha yao.

Uso wa mzee ulifunguka. Karekezi alikuwa ameuosha uso huo miaka mingi na hakuwahi kuuona hivyo. Maneno yalimtoka kwa wingi, kwa haraka, akipunga mikono, akicheka, akiuliza, akijibiwa, akiuliza tena. Carys aliziba mdomo kwa kiganja na machozi yakamshuka.

"Namshukuru Mungu," akasema taratibu. "Tumefanya vizuri kuja, Kare. Unaona?"

"Naona," Karekezi alisema, naye alikuwa akitabasamu.

Kisha Bi Nesta akaacha kujibu. Mzee aliendelea kusema, akimwegemea, akionyesha mlango. Yule mama alimpapasa mkono na kutazama chini.

"Anasema nini?" Carys aliuliza.

"Anadhani mimi ni mwalimu wake wa shule," Bi Nesta alisema kwa Kiingereza chake cha kupanda na kushuka. "Anasema watu wa nyumba hii wamemtendea wema sana, na amewashukuru. Lakini muda umekwenda na mama yake atakuwa na wasiwasi. Ananiomba nimwonyeshe njia ya kwenda kwao."

"Mwambie hapa ndipo kwao. Tafadhali. Wewe atakuamini."

"Nimemwambia, mwanangu."

"Akasemaje?"

"Anasema hapana. Anasema kwao kuna watu."

Mzee aliwatazama mmoja mmoja, akisubiri aonyeshwe njia. Bi Nesta alikata keki kwa sababu ilikuwa lazima mtu afanye kitu. Alipokuwa akiondoka, Karekezi alimsindikiza hadi barabarani akimshika kiwiko.

"Na wewe umetoka wapi?" alimuuliza.

"Kongo. Milima ya kwetu inafanana na hii."

"Unarudi huko?"

"Kumechomwa."

Yule mama alitikisa kichwa. "Sisi hawakutuchoma," akasema. "Watoto walifuata kazi, wageni wakaja, wema kabisa, wananisaidia kubeba mizigo. Siwezi kumlaumu mtu. Lakini leo ni mara ya kwanza tangu majira ya baridi nimeongea lugha yangu kwa muda wa kunywa chai, na nimeongea na mtu asiyejua mimi ni nani."

Asubuhi iliyofuata mvua ilinyesha, nyembamba, ya kupeperuka. Carys alikuwa ameenda dukani kijijini. Karekezi alikuwa jikoni akikoroga uji. Alipoleta bakuli sebuleni, kiti kilikuwa kitupu na mlango u wazi.

Alikimbia bila koti. Hakuifuata barabara, miguu yake yenyewe ilichukua njia ya kupanda, ile ambayo mtu wa mifugo angeishika. Alimkuta mbali kuliko alivyodhani mzee yule angeweza kufika, nyuma ya ukuta wa mawe, ameloa mpaka kwenye ngozi, kiatu kimoja kimepotea. Alikuwa ameshika mawe ya ukuta akipiga mluzi wa kumwita mbwa. Kondoo walisimama wakimtazama.

"Papa Emlyn," Karekezi alisema. "Twende nyumbani."

Mzee aligeuka. Kwa kitambo alimwangalia Karekezi kwa macho ya kumjua, akamnyooshea mkono, naye akambeba mgongoni, mgongo ule uliokataa maboksi, akateremka naye akiteleza na kujishika kwenye majani. Njiani walikutana na watembezi wawili wenye makoti mekundu. Waliomba wasaidie. Mmoja alivua koti lake akamfunika mzee. Walikuwa watu wema.

Homa ya mapafu ilimshika siku ile ile. Hospitali ya mjini ilimpokea, na wauguzi, wengine wao wakijua Kiwelisi, walizungumza naye mpaka hakuweza tena kujibu. Alikufa mchana, Carys akiwa upande huu wa kitanda na Karekezi upande ule.

Walimzika nyuma ya lile kanisa, makaburini, karibu na wazazi wake. Mawe ya makaburi yalikuwa yameinama na kuota kuvu, na ilibidi wafute kwa mkono ili kuyasoma. Alikuwapo mchungaji aliyetoka mji mwingine, Bi Nesta, kijana wa malazi, na wapanda milima wachache waliokuwa wakipita wakaona ni aibu kupita. Karekezi aliimba. Aliimba kwa Kinyamulenge, lugha ya kwao, maana hiyo ndiyo aliyokuwa nayo, na hakuna aliyejua kuitikia. Besi peke yake haijengi wimbo; aliishia ubeti wa pili.

"Walau amezikwa kwao," Carys alimwambia walipokuwa wakiteremka.

Karekezi alimshika bega.

*

Karekezi alirudi Buffalo mwanzo wa vuli, majani yakianza kupukutika. Isaro alimuuliza kwa Kiingereza kama huko kulikuwa kuzuri. Alimjibu kwa lugha ya kwao, akamweleza majani, ukungu, maji, akataka kumwambia kwamba hivyo ndivyo na Nyarubira ilivyokuwa. Isaro alisikiliza akitabasamu kwa heshima, halafu akamuuliza mama yake, kwa Kiingereza tena, neno moja lilimaanisha nini. Neno lenyewe lilikuwa la malisho.

Kwa majuma kadhaa alilala vibaya. Hatimaye akamwambia Gaju, "Nitaenda kumwona Mama. Nitamwambia."

"Utamuua," Gaju alisema.

"Ananingoja nimpeleke. Nimeona mtu anavyopelekwa."

Aliondoka peke yake na gari, akafuata barabara ya ziwa, akakata kusini. Mjini Columbus alipumzika mtaa wa Linden, kwa Vestine, binti ya shangazi yake, aliyekuwa amerudi kutoka zamu ya kiwandani na bado hajavua kofia ya wavu kichwani. Vestine alimpakulia chakula, akasikiliza habari yote ya Cwm Bedwen.

"Kaka, mimi nakuomba, usimwambie," alisema. "Mtu mzee unamwachia anachokishika. Ukimnyang'anya, utampa nini badala yake? Donc, una kitu cha kumpa?"

"Sina."

"Basi nyamaza."

"Papa Emlyn naye alikuwa amekishika," Karekezi alisema. "Kikamtoa nje kwenye mvua."

Vestine alitikisa kichwa, akamwongezea mboga. Hakuna aliyemshawishi mwenzake.

Louisville alifika jioni ya Jumamosi. Ndahiro alikuwa kazini. Leya alikuwa ameketi kwenye kiti chake karibu na dirisha la ghorofa, shuka ya sufu mabegani, akitazama uwanja wa kuegesha magari. Alimbariki mwanawe kwa kumshika kichwa, akamuuliza Gaju hajambo, Isaro hajambo, kazi ikoje. Kisha akasema:

"Yule Mzungu wako alifurahi kufika?"

"Hakupajua, Mama. Alikufa huko."

"Alikufa kwao. Mungu alimpenda." Alijifunika vizuri. "Na mimi?"

Karekezi alikaa chini, sakafuni, karibu na miguu yake. Alimwambia. Alianza na kanisa, halafu nyumba ya kaka mkubwa wa mama, halafu yao. Alimwambia ng'ombe walivyokufa. Alimwambia ni lini, na kwamba yeye na Ndahiro walijua siku zote. Sauti yake haikuvunjika, maana alikuwa ameyasema hayo yote garini tangu Buffalo.

Leya hakulia. Alikaa akisugua pindo la shuka kati ya vidole viwili.

"Wale wa Liberati?" aliuliza. Liberati alikuwa jirani yake, mwanamke waliyelima pamoja na kuzaa watoto miaka ile ile.

"Walikimbia. Hatujui walipo."

"Kaburi la baba yako?"

"Sijui, Mama."

"Nani anakaa pale sasa?"

"Hakuna mtu. Ni majani tu."

"Majani yameota," Leya alisema, si kama swali. Aliangalia nje, ambako mtu alikuwa akishusha mifuko ya soko kutoka garini. Kisha akasema, "Umefanya safari ndefu kuja kuniambia. Kula, halafu upumzike."

Ndahiro aliporudi na kujua kilichotokea, hakumpigia kelele. Alitoka akakaa ndani ya gari lake, injini ikiunguruma, mpaka chakula kikapoa. Siku ya pili waliagana mlangoni bila kushikana mikono.

Karekezi alikuwa amedhani kwamba ukweli ungeleta kitu: kilio, laana, pengine maombolezo ya kweli ambayo wangekaa pamoja wayafanye, kama ilivyopasa kufanywa miaka ile. Haukuleta chochote. Leya aliacha kuuliza. Aliacha pia kusimulia habari za ng'ombe, majina yao na rangi zao, ambazo hapo awali aliwasimulia wajukuu hata wasipotaka kusikiliza. Ndahiro aliandika kwenye simu kwamba siku hizi mama hakai tena dirishani. Anakaa kitandani, ameelekea ukuta, na akiulizwa anasema anapumzika.

Wakala wa kazi alimpa Karekezi mzee mwingine, mtu wa Buffalo asilia, ambaye hakupenda mazungumzo. Carys alimtumia picha ya jiwe jipya la kaburi, lenye maandishi ya Kiwelisi ambayo alimwomba Bi Nesta ayahakiki, na ujumbe kwamba Bi Nesta naye amepelekwa nyumba ya wazee mjini, na nyumba yake inauzwa.

Jumapili, baada ya ibada, Karekezi bado anapiga simu Louisville. Mama hushika simu.

"Muko salama?"

"Tuko salama, Mama."

"Huko baridi imeanza?"

"Imeanza."

"Vaeni vizuri," husema, na kabla mwanawe hajapata neno lingine la kumwambia, humsikia akimpa mtu mwingine simu.